Mchungaji anasema kuna dhambi nyumbani kwetu inayozuia muujiza wa mwanangu. Hili liko wapi kwenye Biblia?

#1 Mama_Busia
Habari zenu. Niko Busia upande wa Uganda, nauza mitumba karibu na mpaka. Nina binti wa miaka 9 mwenye selimundu, ule ugonjwa wa damu, huku wengi tunasema sikoseli. Mnaoujua ugonjwa huu mnaelewa. Usiku wa kuamkia Jumatatu maumivu yalimshika miguuni, nikamkanda kwa maji ya moto mpaka jogoo wa jirani akawika. Kila nilipoinua kitambaa kukichovya tena alisema, "Mama usiache."

Mchungaji wetu amemwombea mara tatu. Mara ya tatu alisimama mbele ya kanisa akasema Bwana amemwonyesha dhambi iliyofichwa katika nyumba yetu, na kwamba muujiza umefika mlangoni ila hauwezi kuingia. Watu wakageuka kunitazama. Mume wangu ni dereva wa trela, siku hiyo alikuwa njia ya Juba. Sasa Jumapili ya wiki ijayo tumeitwa sote wawili tusimame tuungame. Tuungame nini, hatujaambiwa.

Nimetubu kila ninachokikumbuka. Hata hela ya shangazi niliyoichukua nikiwa na miaka 12 nimewarudishia watoto wake. Je, dhambi ya mzazi inaweza kuzuia uponyaji wa mtoto? Naomba msimtukane mchungaji, ndiye aliyemzika mama mkwe wangu wakati wengine walikataa kuja. Nataka anayejua Neno anijibu.

#2 Dereva_Malaba
Pole sana dada. Yohana 9, mstari wa 1 mpaka wa 3. Wanafunzi waliuliza swali lako lile lile: nani alitenda dhambi, huyu au wazazi wake, hata akazaliwa kipofu? Yesu akajibu si huyu wala si wazazi wake. Mimi nimemaliza.

#3 Mulokole_Jinja
Dereva, hujamaliza. Sura nne nyuma, Yohana 5:14, Yesu huyo huyo anamwambia mtu aliyekuwa mgonjwa miaka 38 asitende dhambi tena, lisije likampata jambo baya zaidi. Marko 6:5 inasema Nazareti hakuweza kufanya muujiza wowote isipokuwa wagonjwa wachache, na mstari unaofuata unataja kutoamini kwao. Yakobo 5:16 inataka tuungamane dhambi ndipo tupate kuponywa. Huwezi kuchukua mstari mmoja ukaufanya ndiyo Biblia nzima.

Nasema kama mtu niliyeyaona. Miaka miwili nilikuwa na vidonda vya tumbo, nakunywa maziwa kama ndama. Nilikuwa nimekosana na kaka yangu juu ya kibanja cha baba, hatusalimiani hata msibani. Siku niliyokwenda kwake nikapiga magoti, nikarudi nikala maharage, na mpaka leo nakula maharage. Mama, mchungaji wako huenda ameona kitu kweli. Usimkatae haraka.

#4 Katekista_Tororo
Tumsifu Yesu Kristo. Mulokole, nafurahi kwa ajili ya tumbo lako na zaidi kwa ajili ya kaka yako. Lakini soma Yakobo 5:15 taratibu: "na hata ikiwa amefanya dhambi". Hiyo "ikiwa" ni neno zito. Mtume anafundisha kwamba mgonjwa anaweza kuwa na dhambi, na anaweza kuwa hana. Angekuwa anaamini kila ugonjwa una dhambi nyuma yake asingeiweka.

Tena Paulo. Kivuli cha Petro na leso za Paulo ziliponya watu, tunasoma katika Matendo. Paulo huyo huyo anaandika katika 2 Timotheo 4:20 kwamba mwenzake Trofimo alimwacha Mileto akiwa mgonjwa. Hasemi Trofimo alificha nini. Na Timotheo mwenyewe aliambiwa anywe divai kidogo kwa ajili ya tumbo, hakuambiwa aungame.

#5 Nesi_Lira
Mama_Busia, pole kwa usiku ule. Mimi ni nesi, namwamini Mungu, na nina mpwa mwenye ugonjwa huo huo, kwa hiyo nasema kwa pande zote tatu.

Selimundu inatoka kwa baba na mama wote wawili. Kila mmoja wenu ana jeni moja nzima na moja ya selimundu, ndiyo maana ninyi hamuumwi. Mkipata mtoto, uwezekano wa yeye kuchukua zile mbili mbovu ni mmoja kati ya nne, na hesabu hiyo inaanza upya kila mimba. Hamkufanya kitu. Utafiti wa Wizara ya Afya uliofanywa 2014 na 2015 kwa kupima damu za watoto wachanga nchi nzima ulikuta zaidi ya asilimia 13 wanabeba jeni hiyo. Huku kwetu Lango na Acholi, na huko kwenu mashariki, ndiko iko juu zaidi. Ukikaa kanisani ukahesabu benchi mbili, hukosi mmoja anayeibeba bila kujua.

Na hili watu hawaambiwi: anayebeba jeni moja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana ilibaki na kuenea katika nchi za mbu kama yetu.

Swali langu moja: dawa anazipata? Foliki, kinga ya malaria, maji mengi? Na homa ikipanda usikae nyumbani ukikanda, mpeleke usiku huo huo.

#6 Mama_Busia
Asante nesi. Anakunywa foliki. Kuna mama wa kikundi cha maombi aliniambia kuendelea na vidonge baada ya kuombewa ni kumwonyesha Mungu mashaka. Sikuacha, lakini siku hizi nampa nikiwa nimefunga mlango.

Hiyo ya mmoja kati ya nne hakuna aliyewahi kunieleza. Nimeisoma mara tano.

#7 Nesi_Lira
Fungua mlango, nyabo. Mpe dawa mchana kweupe. Na uulize kliniki kuhusu haidroksiyurea, inapunguza yale maumivu kwa watoto wengi.

#8 Mdadisi_Wandegeya
Nasoma falsafa, naomba kuingia. Tuiangalie kauli ya mchungaji yenyewe. Mtoto akipona, maombi yamejibiwa. Asipopona, kuna dhambi. Mama akitubu na mtoto bado anaumwa, basi hakutubu yote. Hakuna jambo lolote linaloweza kutokea duniani likamfanya mchungaji aonekane amekosea. Kauli ya namna hiyo haikuambii chochote juu ya mtoto wala juu ya mama.

Kuhusu miujiza yenyewe, David Hume wa Scotland aliandika mwaka 1748 kwamba muujiza ni uvunjaji wa sheria ya maumbile, na ushahidi wa watu hautoshi kuuthibitisha mpaka uongo wa ushahidi huo uwe jambo la ajabu kuliko muujiza wenyewe. Mimi nadhani alikuwa sahihi. Mtu kudanganyika ni jambo la kila siku. Tumbo la Mulokole linaweza kupona kwa sababu amelala usingizi baada ya kupatana na ndugu yake.

#9 Mulokole_Jinja
Na usingizi huo nani aliuleta?

#10 Katekista_Tororo
Mdadisi, hoja yako ya kwanza naichukua nzima. Ya pili siichukui. Hume ameanza kwa kuuita muujiza "uvunjaji", halafu akashinda kesi aliyoiandika mwenyewe. Augustino wa Hippo, zaidi ya miaka elfu moja kabla yake, alisema muujiza haupingani na maumbile, unapingana na kile tunachokijua sisi juu ya maumbile. Huyu Augustino alipokuwa kijana katika imani alifundisha kwamba miujiza ya namna ya mitume imekwisha. Uzeeni akabadilika. Katika kitabu cha 22 cha Mji wa Mungu anaorodhesha aliyoyashuhudia na aliyoandikiwa, na anasema Hippo peke yake zilikusanywa habari karibu 70 katika muda usiofika miaka miwili. Naheshimu mzee anayebadili mawazo baada ya kuona.

Na Kanisa halipokei kila kelele. Lourdes kule Ufaransa watu wameenda tangu 1858, waliodai kupona ni maelfu, na tangazo la 2018 lilikuwa la muujiza wa 70 tu. Kwetu hapa, kabla mashahidi wa Namugongo, wale vijana waliouawa kwa ajili ya imani, hawajatangazwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, uliochunguzwa ni uponyaji wa masista wawili wamisionari waliougua tauni Rubaga mwaka 1941. Tauni, si mafua. Madaktari waliulizwa kwanza, maaskofu baadaye.

#11 Dereva_Malaba
Katekista ukishapanda gari la Roma hushuki mpaka mwisho wa barabara. Lakini nijibu hili, nimelibeba muda mrefu, na kila mwaka mwanzoni mwa Juni nikipita barabara ya Jinja nawaona mahujaji na fimbo zao narudi kulifikiria. Masista wawili walipona tauni kwa maombezi ya mashahidi. Mashahidi wenyewe, Kalori Lwanga na wenzake tarehe 3 Juni 1886, moto haukuzimwa. Shadraka, Meshaki na Abednego walitoka hata nywele hazijaungua. Vijana wetu wakaungua. Walikuwa na dhambi gani?

#12 Katekista_Tororo
Hilo swali nalo nimelibeba, ndugu yangu. Naweza tu kusema kwamba wale watatu wa Danieli walimwambia mfalme Mungu wetu aweza kutuokoa, "bali kama si hivyo" hatutaiabudu sanamu yako. Hayo maneno ya "kama si hivyo" ndiyo waliyoyaishi Namugongo.

#13 Mwana_Namungoona
Sikuwa na nia ya kuandika ila naona watu wanaliacha shina wanakata matawi. Mimi ni Mwothodoksi, kanisa aliloanzisha Reuben Spartas mwaka 1929 akitafuta imani ya kale nje ya wamisionari wa Ulaya. Kwetu hatusemi mtoto anazaliwa na hatia ya Adamu. Tunasema amerithi mauti na udhaifu wa mwili. Mlango ni Warumi 5:12. Kigiriki chake wengi wanakisoma "kwa sababu wote walifanya dhambi". Tafsiri ya Kilatini aliyoitumia Augustino iliandika "ambaye ndani yake" wote walifanya dhambi. Maneno mawili madogo, na nusu ya Ukristo ikaanza kumtazama mtoto mchanga kama mshtakiwa.

Mtu aliyezoea kufikiri kwamba hatia inapita katika damu, ni rahisi kumwambia mama kwamba ugonjwa wa mtoto ni hatia yake. Binti wa Mama_Busia amerithi mwili unaouma. Hajarithi kesi.

#14 Katekista_Tororo
Mwana_Namungoona, kuhusu tafsiri uko sawa. Kuhusu sisi umetuonea kidogo. Mtaguso wa Trento mwaka 1546 ulifundisha kwamba dhambi ya asili inapitishwa kwa kuzaliwa, ndiyo, lakini katekisimu yetu inaeleza ni dhambi iliyopokewa, si iliyotendwa. Hakuna katekista anayeweza kumwambia mama akaungame dhambi ya asili ya mtoto. Inaondolewa kwa ubatizo, na waliobatizwa bado wanaugua. Kwa hiyo hata kwa mafundisho yetu hesabu ya mchungaji haitoki.

#15 Mulokole_Jinja
Naona mmenizunguka. Nijibu nesi kwanza kwa heshima. Jeni naikubali. Lakini jeni inaniambia ugonjwa umepitia njia gani, haijaniambia kwa nini umeingia nyumba hii na si ile. Mmoja kati ya nne, sawa, kwa nini huyu? Kutoka 20:5 inasema Mungu hupatiliza wana maovu ya baba zao mpaka kizazi cha tatu na cha nne. Sisi Waafrika hatuhitaji kufundishwa hili. Kila ukoo una mambo yaliyofanywa na mababu, damu iliyomwagika, maagano kwenye miti. Mzungu anaita kurithi, sisi tunaita laana ya ukoo. Huenda ni kitu kimoja kimeitwa majina mawili.

#16 Nesi_Lira
"Kwa nini huyu" ni swali ambalo hata mimi nimelia nalo. Sina jibu lake hospitalini. Ila nakataa lijibiwe kwa kumnyooshea mama kidole.

#17 Binti_Bwera
Mulokole, Ezekieli 18 yote. Watu walikuwa na methali yao kwamba baba wamekula zabibu chungu na meno ya watoto yametiwa ganzi, na Mungu akaapa kwamba haitatumika tena. Mstari wa 20: mwana hatauchukua uovu wa baba yake.

Na nesi amesema kitu mmekipita mbio. Anayebeba jeni moja analindwa na malaria kali. Laana gani hiyo inayolinda watoto wengi namna hiyo?

Nimeandika kwa uchungu, mnisamehe. Kaka yangu mkubwa alikuwa na kifafa. Kanisa letu la wakati huo lilisema mama alitoa mimba ujanani. Hakutoa. Kaka alifia mtoni akichota maji, nami nilikuwa darasa la tano. Mama alikaa miaka 11 bila kuingia kanisa lolote. Kila Jumapili alikuwa anavaa gomesi yake, anafunga mshipi vizuri, halafu anakaa uani chini ya mparachichi mpaka watu wapite wakirudi, ndipo anakwenda kuvua. Hakuna aliyewahi kuja kumwomba radhi.

#18 Fundi_Arua
Binti, pole. Sina la kuongeza hapo.

#19 Afande_Mstaafu
Nawasalimu. Mimi ni mzee sasa, nafuga kuku Kasese. Nimesoma uzi wote na nina jambo la kusema ambalo silisemi mara nyingi.

Mwishoni mwa 1987 nilikuwa askari kijana upande wa serikali, tulipokutana na watu wa Alice Lakwena, nabii wa kike aliyeongoza waasi, karibu na Magamaga, si mbali na Jinja. Walikuwa wametoka Acholi kwa miguu mpaka huko. Walikuja wakiimba nyimbo za kanisa, wamesimama wima, wamejipaka mafuta ya shea, Waacholi wanaita moo yaa. Waliambiwa risasi haitaingia mwili uliosafishwa. Walikuwa na amri 20 za kushika. Na kama mtu alipigwa, maelezo yalikuwa tayari: alivunja amri, alikuwa na dhambi.

Baada ya mapigano nilipita kwa kijana mmoja, sidhani alifika miaka 17. Kifua kilikuwa bado kinang'aa mafuta na vumbi jekundu limenata juu yake. Mateka mmoja aliyekuwa amefungwa pale alimtazama, akasema kwa Kiswahili kibovu, "Huyu alikuwa na makosa." Alisema taratibu, kama mtu anayejitafutia namna ya kuendelea kupumua.

Mimi bado nasali. Lakini nikisikia mtu anasema muujiza umezuiwa na dhambi ya fulani, namwona yule kijana.

#20 Mdadisi_Wandegeya
Afande, asante. Ndicho nilichojaribu kusema katika #8 kwa maneno ya darasani. Na tusisahau Kanungu, 17 Machi 2000. Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde walijenga harakati nzima juu ya Amri Kumi. Dunia ilitabiriwa kwisha mwishoni mwa 1999, haikuisha, na mamia ya watu wakaangamia.

#21 Mulokole_Jinja
Hapana. Hapo umevuka. Mchungaji anayemwombea mtoto Busia usimweke kikapu kimoja na Kanungu. Mamilioni ya watu wanaombewa kila wiki katika nchi hii na wanarudi nyumbani salama, wengine wamepona, wengine wamefarijika. Ukihukumu maombi kwa Kanungu, basi hospitali utaihukumu kwa kila daktari mwongo.

Afande, wewe sina la kukujibu. Nimekaa na maneno yako tangu asubuhi.

#22 Mdadisi_Wandegeya
Sikumlinganisha mchungaji na wauaji. Nimelinganisha umbo la maelezo. Lakini nakubali nililiweka vibaya, na Mama_Busia aliomba tusimtukane. Samahani mama.

#23 Fundi_Arua
Niseme juu ya kuungama kwenyewe, maana mama yangu ni mlokole wa zamani, wa ule uamsho wa wimbo wa Tukutendereza. Ule uamsho, Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church walikutana Namirembe mwaka 1929, ukawaka Gahini Rwanda, ukarudi Uganda miaka ya 30. Msingi wake ulikuwa huo huo, kuungama mbele za watu. Walikuwa wakali. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa chuo cha Bishop Tucker pale Mukono kwa sababu hawakukubali kunyamaza juu ya dhambi walizoziona. Kwa hiyo siwezi kusema kuungama hadharani ni kitu kigeni.

Lakini nimekaa kwenye ile mikutano tangu nikibebwa mgongoni. Mtu alisimama mwenyewe. Roho amemsumbua usiku, asubuhi anasimama anasema, niliiba baiskeli ya fulani, na Jumatatu unaiona baiskeli imerudishwa. Wengine wanamwimbia, wanamkumbatia. Sikuwahi kumwona mama yangu au wenzake wakimwita mtu asimame aungame kitu kisichojulikana, kwa tarehe iliyopangwa, kwa sababu mtoto wake anaumwa. Walikuwa wanasema "tembea nuruni", 1 Yohana 1:7. Hiyo nuru unaiingia mwenyewe.

#24 Mulokole_Jinja
Fundi, hapo nakubaliana nawe. Mimi nilikwenda kwa kaka yangu bila kutumwa. Mama_Busia, kama dhamiri yako haikushtaki, usitunge dhambi ili uwaridhishe watu. Kutunga dhambi nako ni uongo. Lakini bado nasema Marko 6 iko pale na hakuna aliyeijibu.

#25 Katekista_Tororo
Marko 6 najaribu. Waliokosa imani pale ni kijiji kizima kilichomdharau Yesu kwa sababu wanamjua mama yake na ndugu zake. Wagonjwa hawakulaumiwa, tena wachache walioletwa waliponywa. Na Marko 2, yule wa kitanda kilichoshushwa darini, Yesu aliiona imani ya waliombeba. Kama tunataka kutafuta upungufu wa imani, tuanze na sisi tunaobeba kitanda, si aliyelala juu yake wala mama yake.

#26 Hashim_Yumbe
Mimi Mwislamu, napita tu. Sisi pia tunaye Ayubu. Alipoteza watoto na afya na hakuna aliyemshika kosa. Mama, Mungu amfanyie wepesi binti yako.

#27 Dereva_Malaba
Amina Hashim. Rafiki zake Ayubu walikaa naye siku saba bila kusema neno, na hizo ndizo siku walizomsaidia. Wakafungua kinywa, ikawa shida.

#28 Mama_Busia
Nimekaa kimya siku nne. Mume wangu amerudi juzi usiku. Nilimsomea yote mliyoandika, mpaka ya Afande, akanyamaza sana. Kisha akachukua Biblia akasoma Yohana 9 mpaka mwisho. Sisi wote tuliishia mstari wa tatu.

Kumbe wale wazazi wa kipofu wanaitwa. Mstari wa 18. Wanasimamishwa mbele ya wakubwa wanaulizwa juu ya mtoto wao, na wanajibu kwa woga: huyu ni mwana wetu, alizaliwa kipofu, mengine muulizeni yeye, ni mtu mzima. Imeandikwa waliogopa kutengwa na sinagogi. Mume wangu akasema, "Mama fulani, hawa ni sisi." Tukacheka kidogo halafu mimi nikalia.

Tulikwenda wote wawili nyumbani kwa mchungaji Ijumaa jioni, tukiwa na mtoto. Tukamwambia tutakuja Jumapili lakini hatutasimama. Hakukasirika kama nilivyoogopa. Alisema aliona kweli alichokiona na hawezi kukifuta. Nikamwambia nimekusikia baba. Kisha mtoto akamuuliza, "Mchungaji, ni mimi niliyekosea?" Akamwekea mkono kichwani, hakujibu. Mkewe ndiye aliyesema hapana, hapana mwanangu, akatoka nje.

#29 Mwana_Namungoona
Mama, umefanya vizuri. Na mstari wa 34 umeuona? Wakubwa wanamwambia yule aliyekwisha kupona, wewe ulizaliwa katika dhambi tupu, nawe unatufundisha sisi? Wakamtoa nje. Katika sura ile yote hao ndio wanaoendelea kuamini kwamba kipofu amezaliwa kipofu kwa dhambi.

#30 Mulokole_Jinja
Na bado alipona, ndugu. Tusiusahau muujiza. Mstari wa tatu unasema alizaliwa hivyo ili kazi za Mungu zidhihirishwe ndani yake. Mimi nashikilia hapo.

#31 Katekista_Tororo
Kuna wanaousoma mstari huo kwa namna nyingine. Kigiriki cha kale hakikuwa na nukta wala mkato. Unaweza kuusoma: "Huyu hakutenda dhambi wala wazazi wake. Lakini ili kazi za Mungu zidhihirishwe, imetupasa kuzifanya maadamu ni mchana." Ukisoma hivyo, upofu wake haupewi sababu yoyote. Kinachobaki ni kazi iliyo mbele yetu na mchana unaokwisha.

#32 Mulokole_Jinja
Nukta hiyo umeiweka wewe, katekista.

#33 Katekista_Tororo
Na ya kwako iliwekwa na nani?

#34 Nesi_Lira
Mtaendelea mpaka Krismasi. Mama_Busia, una watoto wengine? Wamepimwa?

#35 Mama_Busia
Mmoja, wa kiume, ana miaka mitatu. Hajapimwa, niliogopa. Tumekata tiketi, Jumanne tunakwenda wote wanne kliniki ya sikoseli Mulago, mume ameomba siku mbili kazini. Nitauliza ile haidroksiyurea. Basi linatoka saa kumi na moja alfajiri. Dada yake anamfundisha tangu jana namna ya kutolia akichomwa sindano: anamwambia atazame dirishani ahesabu boda. Mulokole, tuombee safari.

#36 Mulokole_Jinja
Nafunga kuanzia kesho mpaka mrudi.